Vindolanda: ngome ya Kirumi iliyotunzwa na taka zake

Tarehe 18 Mei, mwaka mmojawapo mwishoni mwa karne ya 1, karani wa Kikosi cha Kwanza cha Watungri aliwahesabu askari wa kikosi chake kaskazini mwa Uingereza. Daftarini walikuwa 752, maakida 6 wakiwamo. Kisha akaanza kutoa. Askari 46 walikuwa kwa gavana wakimlinda. Wengine 337, maakida 2 miongoni mwao, walikuwa Coria, kambi iliyo upande wa mashariki. Akida mmoja alikuwa London. Wachache walikuwa safarini kwenda Gallia, Ufaransa ya leo, ng'ambo ya bahari. Jumla ya wasiokuwapo ilikuwa 456. Waliobaki kambini walikuwa 296, na akida mmoja tu kati yao. Hapo tena akatoa wagonjwa 15, majeruhi 6 na wenye maradhi ya macho 10. Wa kushika silaha siku ile walikuwa 265.

Hesabu hiyo iliandikwa kwa wino kwenye ubao mwembamba, ikatupwa, ikafukiwa na matope, ikasomwa tena zaidi ya miaka 1,800 baadaye. Inatuambia mambo mawili ambayo mawe hayawezi kuyasema. Vitabu vya historia hufundisha kwamba kikosi cha aina hii kilikuwa na askari wapatao 480 chini ya maakida 6, au wapatao 800 chini ya maakida 10. Hiki kina watu 752 na maakida 6, hakifanani na hiki wala kile. Na la pili ni kubwa zaidi: ngome ambayo adui angeihofia kwa askari 752 ilikuwa na thuluthi moja na ushei ya nguvu hiyo nyuma ya malango yake. Wengine walikuwa wametumwa huku na huko.

Mahali penyewe ni Vindolanda, katika Northumberland, mwendo wa kilomita moja na nusu hivi kusini mwa Ukuta wa Hadrian, ukuta mrefu wa Warumi wa kulinda mpaka. Wageni wengi huja kwa ajili ya Ukuta, huona misingi ya mawe ya ngome, hupiga picha, huondoka wakiamini wameiona Vindolanda. Hapo ndipo kosa linapoanzia, na si kosa la wageni peke yao. Kwa muda mrefu hata waliochimba walifuata kuta. Ukuta wa mawe unaonekana, unachoreka, unavutia fedha. Lakini sehemu ya Vindolanda iliyobadilisha tunachokijua kuhusu dola ya Kirumi iko chini ya mawe hayo, kwenye matope meusi yaliyojaa taka, na kinachoihifadhi ni maji. Maji yakiondoka, nayo inaondoka.

Tuanze na tarehe, maana watu wengi huzichanganya. Kaisari Hadrian aliamuru Ukuta ujengwe mwaka 122. Ngome ya kwanza ya Vindolanda ilisimama karibu mwaka 85, takriban miaka 40 kabla ya hapo. Ilijengwa kando ya barabara ambayo leo huitwa Stanegate, iliyounganisha Coria na Luguvalium, miji inayoitwa sasa Corbridge na Carlisle. Kwa hiyo Vindolanda haikuzaliwa kama kituo cha Ukuta. Ilizaliwa kama kituo cha barabara, na hilo linaeleza kwa nini karani wetu alikuwa na watu wengi safarini kuliko kambini. Jiwe moja la kuhesabia maili bado limesimama pale pale Warumi walipolisimika, karibu na kijito.

Na hao Warumi hawakutoka Roma. Watungri walitoka eneo ambalo leo ni Ubelgiji. Baada yao, kuanzia miaka ya 90 hadi mwaka 105 hivi, kilikuja Kikosi cha Tisa cha Wabatavi, watu wa maungio ya mto Rhine, Uholanzi ya leo. Hawa Wabatavi waliasi dhidi ya Roma mwaka 69 na 70. Miaka 25 baadaye wana wao na wadogo zao wanailindia Roma mpaka wa mbali kabisa, chini ya mkuu wa kikosi mwenye jina la Kilatini, Flavius Cerialis, ambaye naye kwa kila dalili ni Mbatavi. Askari wa namna hii alitumikia miaka 25 ndipo apewe uraia. Dola ilikuwa imejifunza kumlinda mtawaliwa mmoja kwa mkono wa mtawaliwa mwingine, na kumhamisha mbali na kwao ili asipate wa kushirikiana naye.

Sasa tuje kwenye ujenzi, kwa sababu bila kuuelewa hutaelewa kwa nini vibao vya maandishi, kama ule wa karani, vilisalia. Ngome za mwanzo za Vindolanda, angalau tano, zilikuwa za miti. Boma la nje liliinuliwa kwa mapande ya udongo yaliyokatwa na nyasi zake. Kipimo kilichoandikwa na Warumi wenyewe ni futi moja na nusu kwa urefu, futi moja kwa upana na nusu futi kwa unene, yaani kama sentimita 45 kwa 30 kwa 15. Mapande hayo yalipangwa kama matofali. Ndani, nguzo zilichimbiwa ardhini, fito zikasukwa katikati yake, kisha ukuta ukakandikwa kwa udongo. Msomaji aliyekulia kwenye nyumba ya miti na udongo anaujua ujenzi huu bila kuelezwa, na anajua pia unapoharibikia. Nguzo haiozi juu, wala haiozi chini kabisa. Inaoza usawa wa ardhi, pale unyevu na hewa vinapokutana. Kwa mvua za kaskazini mwa Uingereza, nyumba ya namna hiyo ilichoka kwa miaka kumi hivi.

Kikosi kilipohama, au nyumba zilipochoka, wajenzi waliofuata hawakusafisha kiwanja. Walikata nguzo, wakaacha vishina ardhini, wakamwaga udongo wa mfinyanzi na mapande ya nyasi juu ya kila kitu, wakasawazisha, wakajenga upya. Hilo lilirudiwa tena na tena. Kati ya mwaka 85 na mwisho wa utawala wa Kirumi zilijengwa ngome zisizopungua tisa mahali hapo, moja juu ya nyingine, na katika baadhi ya sehemu matabaka hayo yana kina cha mita kadhaa.

Chini ya kila tabaka kulikuwa na sakafu. Ndani ya nyumba za miti Wabatavi walitandaza kangaga na majani makavu, kama wafugaji watandikavyo zizi. Uchafu ulipozidi, hawakufagia, walitandaza mengine juu yake. Humo mkaingia mifupa, maganda ya njugu, viatu vilivyokatika, manyoya, vipande vya kamba, hadi maganda ya mabuu ya nzi wa mazizini, ambayo wataalamu wameyapata kwa wingi. Halafu udongo wa mfinyanzi ukafunika, maji ya ardhini yakapanda na kujaza kila nafasi, oksijeni ikaisha. Bakteria wanaokula ngozi na mbao huhitaji hewa. Wasipoipata, kazi yao husimama. Ni hivyo tu. Hakuna siri nyingine katika maajabu ya Vindolanda zaidi ya sakafu chafu iliyozibwa vizuri.

Ndiyo maana vishina vya nguzo vimebaki, na kwa vishina hivyo mchimbaji anaweza kuchora ramani ya nyumba ambayo haina jiwe hata moja. Pete za ukuaji katika mbao za mwaloni humwambia mti ulikatwa lini. Mbao nyingine zikitoka huwa na unga mweupe ambao ukiguswa na hewa hugeuka buluu. Hiyo ni viviyaniti, madini yanayojijenga pale chuma na fosfati ya mifupa na samadi vinapokaa pamoja mahali pasipo na hewa. Mchimbaji mwenye uzoefu akiiona rangi hiyo hupunguza kasi ya mkono mara moja.

Vibao vyenyewe vilipatikana Machi 1973. Robin Birley, ambaye baba yake Eric alikuwa amelinunua shamba hilo mwaka 1929, alikuwa akichimba mfereji wenye maji. Akaokota vitu vilivyofanana na maranda ya seremala, vyembamba, vimegandamana viwili viwili. Alipovitenganisha, ndani akaona michirizi ya wino. Vikapelekwa kwa mtaalamu wa maandishi. Vilipofunguliwa huko, hapakuwa na neno: hewa na mwanga vilikuwa vimeifanya mbao iwe nyeusi kama wino wenyewe, jicho halikuweza tena kutenganisha. Angekuwa mtu mwingine angevitupa. Vilipigwa picha za infraredi, mionzi isiyoonekana kwa macho, huko Newcastle, na maandishi yakarudi. Sababu yake ni rahisi: wino ule ulikuwa wa masizi, na masizi ni kaboni, hunyonya mionzi ya infraredi, wakati mbao iliyogeuka nyeusi huirudisha. Kwenye picha, mbao hung'aa na herufi husimama nyeusi.

Tangu hapo utaratibu umekuwa huu. Donge la matope hunyanyuliwa zima, halikwanguliwi. Huvunjwa taratibu kwa mikono. Chochote chembamba chenye nyuzi za mbao huwekwa majini papo hapo, maana kikikauka chenyewe hujikunja na kupasuka. Baada ya kuoshwa hupigwa picha za infraredi kabla ya tiba, ili kukiwa na hasara, maneno yawe yameshapatikana. Kisha maji yaliyomo ndani ya mbao huondolewa kwa kuiloweka katika methanoli na etha kwa zamu, hadi ikauke bila kunyauka. Asome nani? Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na Alan Bowman na David Thomas, kwa sababu ni mwandiko wa haraka, maneno hayana nafasi kati yake, na doa la uchafu huonekana kama herufi.

Kabla ya 1973 wasomi waliamini kwamba Mrumi wa upande wa magharibi aliandika kwenye mafunjo kutoka Misri, au kwenye vibao vya nta. Vindolanda ikaonyesha njia ya tatu, ya bei ya chini. Miti inayojiotea kwenye mabonde ya hapo hapo ilichanwa vipande vyenye unene wa milimita moja hadi tatu, ukubwa wa kadi ya posta. Barua iliandikwa kufuata mkondo wa nyuzi, katika safu mbili, kisha ubao ukakunjwa katikati kwenye mstari uliokwaruzwa, wino ndani. Anwani ikaandikwa mgongoni. Hesabu ndefu ziliandikwa kukata nyuzi, na vibao vikaungwa kwa uzi kupitia matundu, vikakunjika kama kinanda cha mkono. Ukitaka kujua kwa nini jeshi lile liliweza kuandika hadi orodha ya soksi, hii ndiyo sababu: kuandika hakukugharimu chochote zaidi ya kisu na masizi.

Na waliandika kweli. Vibao vilivyopatikana sasa vinazidi 1,700. Tarehe 25 Aprili mwaka mmoja, watu 343 walipangiwa kazi za karakana: mafundi viatu 12, waashi 18 wa kujenga bafu, na kuendelea. Masclus, mkuu wa kundi la wapanda farasi, anamwandikia Cerialis akiuliza kesho wafanye nini, kisha anaongeza kwamba wenzake wameishiwa bia, aagize waletewe. Mtu mmoja aliyekuja kutoka ng'ambo ya bahari analalamika kwamba amechapwa viboko bila kosa. Mwingine anatumiwa soksi, jozi mbili za makobazi na nguo za ndani jozi mbili.

Barua inayostahili kusomwa kwa makini kuliko zote, kwa maoni yetu, ni ya Octavius kwa Candidus. Ameshanunua masuke ya nafaka kiasi cha modii 5,000. Modio moja ilikuwa lita 8.7 hivi. Ndiyo kipimo ambacho Biblia ya Kiswahili hukiita pishi katika maneno ya taa na pishi. Zidisha, unapata zaidi ya lita 43,000. Ameweka arubuni ya dinari zipatazo 300, na anataka atumiwe angalau dinari 500 upesi, la sivyo arubuni itapotea naye ataaibika. Sasa linganisha: baada ya nyongeza ya Kaisari Domitian, askari wa lejioni, yaani vikosi vya raia wa Roma, alilipwa dinari 300 kwa mwaka. Arubuni peke yake ni mshahara wa mwaka mzima. Tena kuna ngozi zinazomngoja Cataractonium, Catterick ya leo, hajakwenda kuzichukua kwa sababu barabara ni mbovu na hataki kuwaumiza wanyama. Wasomi wanabishana kama Octavius alikuwa askari au mfanyabiashara. Kwa hoja yetu haidhuru. Tumezoea kusikia kwamba barabara za Kirumi zilikuwa nyoofu na imara, na jeshi lililishwa na mashine ya serikali isiyokosea. Barua hii inaonyesha mkopo, arubuni, fedha zinazochelewa na njia zisizopitika. Hivyo ndivyo ngome ilivyoshiba.

Katika orodha nyingine ya madeni, Gambax mwana wa Tappo anadaiwa dinari 2 za pilipili manga. Kwa mshahara ule wa lejioni, hiyo ni zaidi ya siku mbili za kazi. Pilipili manga haikuota Ulaya. Ilitoka India, ikasafirishwa kwa majahazi hadi bandari za Misri kwenye Bahari ya Shamu. Merikebu zilikwenda kwa upepo wa kusi na kurudi kwa kaskazi, pepo zile zile ambazo manahodha wa pwani yetu wamezitumia karne kwa karne. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 unaeleza njia hiyo ya India, na katika kurasa hizo hizo unaitaja Rhapta, soko la mwisho la pwani ya Azania, yaani Afrika Mashariki, penye pembe za ndovu na magamba ya kasa. Chembe za pilipili zilizompasha joto askari kwenye baridi ya Northumberland zilipita Bahari ya Hindi hii hii.

Nani aliishi ndani? Kanuni ya jeshi ilimkataza askari wa kawaida kuoa hadi wakati wa Septimius Severus, mwishoni mwa karne ya 2. Kwa hiyo wasomi waliwaweka wanawake na watoto nje ya boma, katika kijiji. Viatu vimekanusha. Vindolanda imetoa viatu vya ngozi zaidi ya 5,000, na katika mabweni ya askari, ndani ya ngome, vimo vya wanawake na vya watoto, tangu vipindi vya mwanzo kabla ya Ukuta. Hapa kuna tahadhari: ngozi hupungua ikikauka, na kiatu kidogo kinaweza kuwa cha kijana. Lakini kiatu cha mtoto anayejifunza kutembea hakina tafsiri mbili. Familia ziliishi na askari wao, kanuni iseme itakavyosema.

Katika nyumba ya mkuu wa kikosi aliishi Sulpicia Lepidina, mke wa Cerialis. Rafiki yake Claudia Severa, mke wa Aelius Brocchus, alimwalika kwenye sikukuu ya kuzaliwa kwake tarehe 11 Septemba, karibu mwaka 100. Barua imeandikwa na karani kwa mwandiko uliopangika. Chini yake mkono unabadilika, herufi zinakuwa kubwa, hazina mazoea: "Nitakungoja, dada. Kwaheri dada, roho yangu." Huyo ni Severa mwenyewe. Ni miongoni mwa maandishi ya Kilatini ya kale zaidi yanayojulikana kuandikwa na mkono wa mwanamke. Yalisalia kwa sababu mwaka 105 hivi, Wabatavi walipohama, inaelekea wakiitwa kwenye vita vya Kaisari Trajan huko Dacia, Romania ya leo, shehena ya nyaraka ilichomwa moto na moto ule haukumaliza kazi yake.

Ngome za mawe zilizokuja baadaye nazipitia haraka, si kwa dharau. Karibu mwaka 208, Severus alipoipiga vita Caledonia, Uskoti ya leo, sehemu ya Vindolanda ilijengwa vibanda vya mviringo, safu kwa safu, mtindo wa wenyeji. Kama vilikuwa vya mateka, vibarua au wakimbizi, ubishi unaendelea. Karibu mwaka 213 Kikosi cha Nne cha Wagaul, watu wa Gallia, kikajenga ngome ya mawe ambayo ndiyo mgeni anaiona leo. Nje ya lango la magharibi kulikuwa na makazi, maduka, mahali pa kunywea, bafu. Wakazi wake walimsimamishia mungu Vulcan madhabahu na kujiita humo watu wa Vindolanda, na kwa madhabahu hiyo, iliyopatikana mwaka 1914, tulithibitisha jina la mahali. Utawala wa Roma ulipokwisha mwanzoni mwa karne ya 5, watu hawakuondoka mara moja. Kuna kanisa dogo na jiwe la kaburi la mtu aitwaye Brigomaglos.

Tatizo la leo ni maji. Kiangazi kikiwa kirefu, kina cha maji ardhini hushuka. Udongo wa mboji hukauka, husinyaa, hupasuka. Kwenye nyufa hupita hewa, nyuma ya hewa bakteria, na kilichokaa miaka 1,900 huoza ndani ya misimu michache. Jambo hili linaonekana wazi zaidi Magna, ngome jirani upande wa magharibi iliyo chini ya taasisi ile ile inayoitunza Vindolanda tangu 1970. Huko vimezikwa vipimo vinavyosoma unyevu, oksijeni na asidi ya udongo, na mwaka 2023 ulianza uchimbaji wa miaka mitano.

Kuna wanaopinga kuchimba. Kanuni inayoheshimika katika akiolojia ni kuacha mabaki yalipo, kwa sababu kuchimba ni kuharibu, na vizazi vijavyo vitakuwa na mbinu bora. Kwa mawe na ardhi kavu, wana haki kabisa. Kwa matope yanayopoteza maji yake, kungoja hakuachi kitu mahali pake. Kunakiacha kioze bila shahidi. Hata hivyo wanaotaka kukimbilia majembe nao wanakosea. Kiatu kilichotolewa majini bila mtaalamu na beseni la kukihifadhia kimeharibiwa siku hiyo hiyo, tena kwa mkono wa aliyetaka kukiokoa. Mpangilio unaofaa ni kupima maji kwanza kwa misimu kadhaa, kuandaa maabara yenye nafasi ya kupokea mbao na ngozi kwa mamia, ndipo kufungua mitaro, na kuanza na mahali maji yanaposhuka kwa kasi zaidi. Malango na minara ya mawe yanaweza kungoja miaka 50 zaidi. Mitaro ya taka iliyo chini ya bweni haiwezi.